Paa Linavuja, Mama Yumo Ndani: Nani Anunue Mabati?

Masika yakianza, habari hufika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwa picha: karai chini ya dari ya jikoni, na doa la kahawia ambalo limepanuka kuliko mwaka jana. Kimya kinafuata. Baadaye mmoja anaandika, "Lakini hiyo nyumba si mama ndiye aliyeachiwa?" Mama akisomewa ujumbe huo na mjukuu anajibu, "Mimi hapa napita tu. Nyumba ni yao." Wote wawili wanasema kweli, na kwa sababu hiyo karai linakaa pale pale mpaka Juni.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaishi Kenya katika nyumba iliyoachwa na mume au mke wako aliyefariki bila wosia, au ikiwa wewe ni mmoja wa watoto mnaosubiri nyumba hiyo siku moja iwe yenu. Utakuonyesha gharama ipi ni ya nani, namna ya kukubaliana kabla ya fundi kupanda, na mahali pa kwenda mkishindwana.

KWA NINI JAMBO HILI HUKWAMA

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 35 kinahusu mtu aliyekufa bila wosia akaacha mwenzi na watoto. Vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu vinakuwa vya mwenzi moja kwa moja. Mali iliyobaki baada ya madeni, nyumba ikiwemo, mwenzi anapewa haki ya kuitumia maisha yake yote. Hapa tutaiita haki ya maisha. Aliye nayo anakaa, anapangisha, analima na kula mavuno. Akifariki, kilichobaki kinawaendea watoto kwa mafungu sawa. Mgane ana haki hiyo hiyo. Nikisema "mama" katika mwongozo huu ni kwa sababu ndiye ninayemkuta mara nyingi, basi baba asijione amesahauliwa.

Sheria imeeleza vizuri nani hawezi kuuza. Kifungu cha 37 kinamruhusu mama kuuza sehemu ya mali ikiwa ni lazima kwa matunzo yake, lakini kwa idhini ya wasimamizi wenzake na watoto wote watu wazima, au ya mahakama. Mali ikiwa ni ardhi au nyumba, idhini ya mahakama haiepukiki. Lakini usome sehemu yote ya tano ya sheria hiyo, inayogawa mali isiyo na wosia, hutakuta paa, mchwa, wala choo kilichojaa.

Sheria iliyoandikwa inaponyamaza, mahakama zetu huangalia kanuni za kale za Kiingereza zilizoingizwa nchini kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, ambayo inazipokea kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kanuni hizo zinamkataza mwenye haki ya maisha kuharibu: asibomoe, asing'oe milango akauza, asichimbe mchanga wa kiwanja. Kuiacha nyumba izeeke polepole ni habari nyingine. Huko Uingereza, mwenye haki ya maisha hakubanwa kwa kutokarabati tu, isipokuwa hati iliyompa haki hiyo imemwagiza kukarabati. Upande wa pili nao ni hivyo hivyo: wanaosubiri hawana wajibu wa kumtengenezea nyumba anayekaa sasa.

Kwa lugha ya jikoni: watoto watapata tabu kumlazimisha mama akarabati, na mama atapata tabu kuwalazimisha watoto. Nyumba inaweza kuanguka huku kila mtu akiwa na haki yake mkononi.

Mlango uliopo ni wa wasimamizi wa mirathi. Kifungu cha 84 kinasema palipo na haki ya maisha, wasimamizi wanageuka kuwa wadhamini wa mali hiyo, na mdhamini ana wajibu wa kuihifadhi. Kifungu cha 58 kinataka wasiwe mmoja peke yake, na cha 56 kinataka wasizidi wanne. Katika familia nyingi ni mama pamoja na mtoto mmoja, kwa kawaida yule aliyekuwa na nafasi ya kwenda mahakamani siku ile. Basi swali la mabati haliulizwi "nyumba ni ya nani?" Linaulizwa "wasimamizi ni nani, na wameandika nini?"

GHARAMA IPI NI YA NANI

Mgawanyo ufuatao unatokana na kanuni hizo na desturi ya mawakili. Uchukulie kama mahali pa kuanzia mazungumzo. Mkikubaliana tofauti kwa maandishi, makubaliano yenu ndiyo yatakayowaongoza.

Kundi la kwanza: ya anayekaa
- Bili za maji, umeme na taka
- Koki, kitasa, kioo kilichovunjika, rangi ya ndani
- Kuzibua gata, kunyonya choo kilichojaa
- Dawa ya mchwa ya kila mara
- Bati moja au mawili, misumari, kofia ya paa iliyopeperuka
- Ada ya ardhi ya kaunti ya kila mwaka
- Riba ya mkopo wa nyumba, kama upo

Kundi la pili: ya nyumba yenyewe, yaani hazina ya mirathi au wanaosubiri
- Paa zima na mbao zake
- Ukuta ulioachia ufa, msingi uliotitia
- Kutandika upya nyaya za umeme nyumba nzima
- Kuchimba choo au septiki mpya
- Deni la msingi la mkopo
- Malimbikizo ya ada ya ardhi ya tangu marehemu akiwa hai. Hayo ni madeni yake, na madeni hulipwa na mirathi kabla ya kugawa chochote

Kundi la tatu: ya aliyetaka
- Vigae vya sebuleni, geti la kupendeza, kabati mpya za jikoni, chumba cha ziada uani

Kundi la tatu ndilo linalovunja udugu. Kanuni ni kali: anayeishi katika nyumba kwa haki ya maisha akiipamba kwa hiari yake, hadai kurudishiwa; na mtoto anayejenga chumba uani kwa mama hajapata fungu kubwa zaidi kwa kujenga hapo. Ukitaka pesa yako ihesabiwe, iandike kabla ya saruji kumwagwa.

Jambo moja la shambani ambalo wengi hawalijui: kanuni hizo za kale zinamruhusu mwenye haki ya maisha kukata miti kwa ajili ya kukarabati nyumba anayokaa. Mkaratusi mmoja kwa mbao za paa, sawa. Kuuza mikaratusi ishirini kwa mtu wa nguzo ni uharibifu, hata kama pesa zilikwenda hospitali.

USIGAWE BILI KABLA YA KUJUA UGONJWA

Uvujaji ule ule unaweza kuwa wa kundi la kwanza au la pili, na huwezi kujua ukiwa umesimama chini na karai.

Niliwahi kumshikia ngazi fundi katika nyumba ya mama mkubwa wangu. Tulikuwa tumeambizana kwamba paa limekwisha, na ndugu mmoja alikuwa ameshaulizia bei ya mabati mapya. Fundi alipanda, akatambaa hadi juu ya jikoni, akapitisha kidole kwenye kichwa cha msumari. Kile kimpira cha chini ya kichwa kilikuwa kimekauka na kupasuka. Msumari ulichezacheza kama jino la mtoto. Akaonyesha mwingine, na mwingine. "Hapa ni misumari na lami," akasema. Kisha akahamia upande wa chumba cha kulala, ambako hakukuwa kunavuja hata tone. Akagonga mbao kwa kitako cha nyundo, ikalia kama boga tupu. Mchwa walikuwa wamekula ndani, wakabakiza ganda. Upande uliotupigisha kelele ulikuwa kazi ya nusu siku. Upande ulionyamaza ndio uliokuwa ukingoja kuanguka.

Kwa hiyo mwambie fundi akujibu maswali matatu, na umrekodi kwa simu akijibu:
- Ni nini kimeharibika: bati, msumari, mbao au ukuta unaobeba mbao?
- Ukirekebisha hapa tu, patakaa miaka mingapi?
- Tusipofanya lolote, ni nini kitakachofuata kuharibika?

Jibu la pili ndilo linalogawa bili. Kazi ya mwaka mmoja au miwili ni ya anayekaa. Kazi itakayodumu miaka ishirini inawafaa zaidi wanaosubiri, na ni haki waibebe au waibebe kwa sehemu kubwa. Ila nakuomba: usianze kupiga hesabu ya miaka aliyobakiza mama. Mawakili wa nchi nyingine wana majedwali ya umri kwa kazi hiyo. Kwetu hiyo ni kumtabiria mtu kifo akiwa ameketi anakunywa chai, na kikao kitaishia hapo.

HATUA KWA HATUA

1. Soma hatimiliki. Kabla ya yote, jua jina lililoandikwa. Kama baba na mama waliandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja kwa namna ambayo aliyebaki hai huchukua yote, nyumba ni ya mama kabisa. Anapeleka cheti cha kifo kwenye afisi ya ardhi, jina la marehemu linaondolewa, na mwongozo huu haumhusu tena: paa ni lake, na hiari ya kuuza ni yake. Nimeona familia ikigombana miaka mitatu juu ya haki ya maisha ambayo haikuwepo.

2. Tafuta hati ya usimamizi na cheti cha kuthibitishwa kwake. Uthibitisho huombwa baada ya miezi 6 tangu hati ya usimamizi kutolewa, na cheti chake huorodhesha kila mali na anayeipata. Tazama mstari wa nyumba. Umeandikwa mama "maisha yake", au amepewa nyumba moja kwa moja kwa kuwa watoto walikubali? Ni vitu viwili tofauti. Kama familia haijafungua mirathi kabisa, fanyeni matengenezo ya kuzuia hasara tu. Kifungu cha 45 kinamkataza yeyote kushika au kutumia mali ya marehemu bila mamlaka. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

3. Leta mafundi wawili, siku tofauti. Kila mmoja aandike vifaa na ufundi mbalimbali. Asiyekubali kutenganisha bei ya mbao na bei ya kazi yake, mshukuru aende.

4. Weka kila kazi katika kundi lake. Tumia makundi matatu ya hapo juu. Kazi moja inaweza kugawanyika: paa ni la kundi la pili, lakini gata mpya ambayo mama anaitaka ili akinge maji ya tangi inaweza kuwa ya kwake.

5. Ita kikao. Wawepo mama, wasimamizi wote, na watoto wote watu wazima, hata walio Doha au Minnesota kwa simu. Mabinti walioolewa waitwe. Mbele ya kifungu cha 35 binti ni mtoto kama mwingine, na asiyeitwa kwenye mabati ndiye atakayepeleka pingamizi baadaye. Mama aanze kusema. Ni nyumba anayolala.

6. Andika. Ukurasa mmoja unatosha. Mfano uko hapa chini.

7. Lipa kwa njia inayoacha alama. Tuma pesa za vifaa moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya duka la vifaa vya ujenzi, si kwa ndugu "atakayepitia dukani". Risiti iandikwe jina la mama au la mirathi, na mahali nyumba ilipo. Ujumbe wa M-Pesa unapotea na simu. Omba taarifa ya malipo, ichapishe, itie kwenye faili.

8. Mabati ya zamani yana mwenyewe. Yaliyong'olewa na mbao nzima ni sehemu ya nyumba. Amueni kabla: yaezeke banda la kuku la mama, au yauzwe na pesa zipunguze gharama. Mkinyamaza, fundi ataondoka nayo, na hilo nalo litazua kesi.

Mfano wa makubaliano

"Sisi, wasimamizi na warithi wa marehemu (jina), tumekubaliana leo (tarehe) kwamba paa la nyumba iliyo kwenye kiwanja namba (…) lina mbao zilizoliwa na linahitaji kubadilishwa lote. Gharama ni shilingi (…) kwa mujibu wa karatasi ya fundi iliyoambatanishwa. Mama (jina), mwenye haki ya maisha, atalipa (…). Watoto (majina) watalipa (…) kila mmoja. Aliyelipa zaidi ya fungu lake (atarudishiwa / hatarudishiwa) mali itakapogawanywa. Mabati na mbao za zamani zita(…). Makubaliano haya hayabadilishi haki ya mama ya kukaa katika nyumba hii maisha yake yote."

Sentensi ya mwisho usiifute. Kuna watoto wanaochangia paa asubuhi na jioni wanataka chumba. Sentensi ya "atarudishiwa au hatarudishiwa" nayo chagueni moja na mkate nyingine kwa kalamu, kila mtu atie sahihi pembeni.

PESA ZITOKE WAPI

Familia nyingi zina nia na hazina shilingi. Njia ni hizi, na zina utaratibu wake.

Kodi ya wapangaji. Kama marehemu aliacha vyumba vya kupangisha, kodi ni ya mama, lakini busara na wajibu wa udhamini vinataka vyumba vijitunze kwanza. Tenga fungu kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake. Kumbuka pia ushuru: tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za makazi ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unatozwa kabla ya kutoa gharama yoyote, kwa hiyo hata ukimaliza pesa zote kwenye mabati, ushuru uko pale pale.

Mkopo wa nyumba na bima yake. Kabla mtu hajalipa hata senti ya deni aliloacha marehemu, nenda benki ukaulize kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Mikopo mingi ya nyumba huwa nayo, na bima hiyo hulipa deni mkopaji akifariki. Kuna wajane waliolipa miezi mingi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Kuuza kipande. Hapo ndipo kifungu cha 37 kinaingia. Sharti ni kwamba kuuza kuwe kwa lazima ya matunzo ya mama. Nyumba isiyokalika ni hoja nzuri, lakini ni hoja ya kupelekwa mahakamani na wakili, pamoja na karatasi za mafundi na idhini za watoto. Mnunuzi anayesema "tuandikiane tu, mahakama baadaye" anawauzia nyinyi matatizo.

Kuweka hati rehani. Mama peke yake hawezi. Ndugu anayemshawishi mama "aweke kidole tu hapa" kwa mkopo wa biashara, mfungieni mlango.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kumwachia anayekaa karibu. Mtoto anayeishi kwenye kiwanja ndiye huitwa kila bomba likipasuka. Miaka kumi baadaye anaamini nyumba ni yake, na kwa jasho alilomwaga si rahisi kumlaumu. Mlipeni au mgawane zamu.

Mama kujilipia kila kitu kwa heshima. Mama mkubwa niliyemtaja alimaliza paa lile kwa pesa za chama chake, hakutaka kusumbua watoto. Alipofariki, binti aliyekuwa mbali alileta ujumbe wa simu kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyetuma pesa za paa, kupitia kwa kaka yake. Kaka alisema zilikwenda matangani kwa jirani. Risiti haikuwepo hata moja. Walizika saa nane, wakaanza kugombania mabati saa kumi.

Kukubali fundi abadilishe ramani. Kubomoa ukuta ili kupata sebule kubwa si ukarabati. Kunahitaji kibali cha kaunti na idhini ya wanaosubiri, hata kama nyumba itapendeza.

Kupuuza asbesto. Nyumba za zamani, hasa zilizoezekwa vigae vya kijivu vyenye mawimbi, huenda zina asbesto. Vumbi lake linaua mapafu. Usimruhusu fundi avunje kwa nyundo. Kuviondoa vigae hivyo kunasimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na kunafanywa na wenye leseni. Gharama yake ni ya kundi la pili bila ubishi.

Kukata bima mara moja na kusahau. Mama anaweza kuikatia nyumba bima kwa ajili ya haki yake, na wanaosubiri kwa ajili ya yao. Mkikata moja, hakikisheni jina la mirathi limo, la sivyo moto ukitokea fidia itamfuata aliyeandikwa.

Kungoja ndoa. Sheria iliandikwa kwamba haki ya maisha ya mjane inakoma akiolewa tena, sharti ambalo mgane hakuwekewa. Ubaguzi huo umeshambuliwa mahakamani kwa Katiba ya 2010. Mtoto asimwambie mama "umeolewa, toka, na paa ujiezekee huko". Hilo ni la wakili na mahakama.

MKISHINDWANA

Anzeni na wazee mnaowaheshimu, kisha chifu. Chifu ndiye aliyeandika barua ya kuwataja warithi mlipofungua mirathi, kwa hiyo anawajua. Anaweza kusuluhisha, hawezi kugawa nyumba wala kumhamisha mama. Akijaribu, mkatae kwa adabu.

Hatua inayofuata ni kurudi kwenye faili lile lile la mirathi. Huna haja ya kesi mpya. Mmoja wa wasimamizi au mrithi anapeleka maombi akiomba maelekezo: kazi ifanywe, nani achangie, pesa zitoke wapi. Mahakama ya hakimu mkuu inashughulikia mirathi isiyozidi shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Omba pia upatanishi unaosimamiwa na mahakama. Kwa ugomvi wa mabati ni mwafaka kuliko hukumu, kwa sababu mpatanishi anaweza kuuliza nani ana pesa, swali ambalo hakimu hupita mbali nalo.

Msimamizi anayekula kodi na kuacha nyumba ioze anaweza kuombewa aondolewe. Iwe silaha ya mwisho, hasa msimamizi akiwa ni mama mwenyewe.

NYUMBA AMBAZO KANUNI ZAKE NI NYINGINE

Waislamu. Kwa Mwislamu aliyefariki, mirathi hugawanywa kwa sharia mbele ya Kadhi. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, asiye na watoto robo, na fungu hilo ni lake kabisa. Hapo hapana haki ya maisha. Kuna wamiliki wenye hisa, na paa hulipwa kwa hisa. Nyumba ikiwa ya wakfu, kipato chake hutangulia kuikarabati kabla ya kuwafikia wanufaika. Na kwa wale wa Mombasa wenye nyumba isiyo na ardhi, yaani nyumba ni yako na kiwanja ni cha mwingine: soma upya mapatano na mwenye kiwanja kabla ya kumwaga zege.

Wosia. Kama marehemu aliandika "mke wangu akae humo maisha yake", soma mistari inayofuata. Wosia unaweza kusema nani akarabati, na ukisema, umemaliza.

Wake zaidi ya mmoja. Kifungu cha 40 kinagawa mali kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, kila mjane akihesabiwa kama kichwa cha ziada. Baada ya hapo kila nyumba inajitazama yenyewe. Watoto wa mama mdogo hawadaiwi paa la mama mkubwa.

Tanzania. Kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu. Zinamwacha chini ya uangalizi wa watoto wake. Kanuni hizo hizo zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza ilipolikataa katazo hilo mwaka 1990 katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Kwa hiyo huko makubaliano ya kuandika yana uzito zaidi, na yafanywe mirathi ikiwa bado mezani.

KABLA YA FUNDI KUPANDA, HAKIKISHA
☐ Nimeona hatimiliki kwa macho yangu
☐ Nimesoma mstari wa nyumba kwenye cheti cha uthibitisho
☐ Nina karatasi za mafundi wawili, vifaa na ufundi mbalimbali
☐ Kila kazi imewekwa kundi la kwanza, la pili au la tatu
☐ Mama amesema, na wote wameitwa, mabinti wakiwemo
☐ Makubaliano yana sahihi za wote na sentensi ya haki ya mama
☐ Tumeamua mabati ya zamani yanakwenda wapi
☐ Kuna faili moja, na linakaa kwa mtu anayejulikana

Likija bomba lililopasuka usiku au waya unaotoa cheche, sahau orodha. Funga maji, zima umeme, mwite fundi, lipa, kisha mjulishe kila mtu asubuhi kwa picha na risiti. Gharama ya dharura hujadiliwa baadaye. Nyumba iliyoungua haijadiliwi.

Na picha ya kwanza ipige leo: paa lote kutoka nje, halafu dari ya kila chumba, tarehe ikionekana. Mabati mapya yakishapigiliwa, hakuna risiti itakayoweza kuonyesha yale ya zamani yalikuwa na hali gani.